Mstari wa Bosi

Jumanne, 4 Machi

Neema ameota jino la pili. Sijalala. Nimefika kazini na doa la maziwa kwenye shati la sare, nikalificha kwa faili. Sajini Were akaliona tu. "Mama Neema, hiyo si doa, hiyo ni medali." Nilikasirika, halafu nikacheka.

Kituo chetu ni kidogo, kila mtu na kona yake. Bosi na ofisi yenye pazia. Barasa wa trafiki na barabara yake. Wapelelezi wawili chumba cha nyuma, kompyuta moja. Kiptoo na gari. Gari ni moja, lile lingine liko juu ya mawe tangu nije hapa. Mimi nina meza mbili. Ya mbele ina kitabu cha matukio, OB. Ya nyuma ya mlango imeandikwa Dawati la Jinsia. Mtu akifungua mlango kwa nguvu unagonga kiti changu.

Jioni nimefunga ukurasa kama kawaida. Mstari wa chini kabisa nimeandika nambari, mbele nikaacha wazi. Huo ni mstari wa Bosi. Sajini Were alinifunza wiki ya kwanza: huenda mkubwa akakumbuka jambo. Mtu yuko seli na hakuna aliyeandika alivyoingia, anaingizwa hapo. Chuoni hatukufunzwa hivyo. Nilizoea kwa siku tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Saa kumi jioni amekuja mwanamke anaitwa Achieng'. Anauza omena, dagaa wa ziwani. Mumewe ni fundi wa boti. Jana alimwonyesha panga na kumwambia siku atakayolitumia. Hakulia. Alieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani.

Katikati ya maelezo jirani yangu akaniletea Neema, analia, amekataa uji. Nikaona aibu. Achieng' akasema, "Mnyonyeshe kwanza, dada. Mimi nitangoja." Akakaa kwenye benchi akingoja. Akamchezea Neema vidole vya mguu. Watoto wake ni wawili, mmoja darasa la tatu.

Nikaandika yote. OB nambari 17. Nikamwambia asirudi kwake, akalale na watoto kwa mama yake, huko Dunga. Vitu vyao tutavifuata kesho asubuhi na gari, na mume tumkamate. Akauliza mara mbili. "Na gari?" Ndiyo, na gari. Nikampa nambari yangu.

Gari halikuwepo nilipokuwa nikisema hivyo. Bosi alikuwa nalo Kisumu, wanasindikiza mwili wa mama wa mheshimiwa kutoka mochari. Nikampigia simu. Akasema kesho mapema gari litakuwa hapa. Nikamwamini. Nilikuwa nataka kwenda nyumbani.

Nambari 18 nikaacha wazi. Zamu ya usiku wakaanza 19 ukurasa mpya.

Ijumaa, 7 Machi

Achieng' amekufa.

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika sasa kwa sababu nisipoandika nitaanza kusahau kwa makusudi.

Jana saa moja asubuhi alinipigia. "Dada, gari imetoka?" Nikasema ngoja kidogo. Saa mbili tena. Ngoja kidogo. Gari lilikuwa bado mazishini, mheshimiwa alitaka ulinzi mpaka mama azikwe. Nilimwendea Sajini nikasema twende na boda. Akasema wawili na rungu moja kwa mtu wa panga? Bunduki zina mwenyewe, ghala la silaha halifunguliwi bila ruhusa ya Bosi, na Bosi hashiki simu, yuko kwenye maombi. Nikakaa chini. Hapo ndipo nilipokaa chini. Nisiandike vingine.

Saa tatu hakunipigia. Nikafikiri amechoka kuniuliza.

Alikwenda kwake peke yake. Sare za watoto. Yule mkubwa alikuwa na mtihani, akawa analia hataki kwenda na nguo ya nyumbani.

Mumewe alikuja mwenyewe kituoni. Kwa miguu. Akakaa kwenye benchi lile lile. Barasa ndiye aliyemfunga pingu, mimi mikono ilikataa.

Leo amekuja mtu wa picha na alama za vidole kutoka Kisumu. Mzee mpole, ana sanduku la bati na brashi kama ya mwanamke wa kujipodoa. Alipiga picha kila kitu. Mlango, panga, mfuko. Sare zilikuwa kwenye mfuko, zimekunjwa vizuri. Aliniambia yeye hatazami nyuso, anatazama vitu. Nikamwambia vitu ndivyo vibaya zaidi. Akafunga sanduku.

Jumamosi, jioni

Sajini Were ameniita nje, karibu na lile gari lililo juu ya mawe. Jumanne anakuja inspekta wa kuchunguza, si wa mauaji, ni wa kutuchunguza sisi. Atataka OB.

Akasema nambari 18 iko wazi. Nijaze: mlalamishi alirudi saa kumi na moja, akaondoa malalamiko, wamesikizana na mumewe. Basi. Hakuna wa kulaumiwa, hata mimi.

Nikauliza kwa nini asiandike yeye. "Si mwandiko ni wako, Mama Neema? Ukurasa mzima ni wako."

Kweli. Nafasi niliiacha mimi.

Hakunitisha. Ndiyo mbaya. Alizungumza kama baba. Amebakisha miezi sita astaafu. Alinibebea maji nilipokuwa na mimba. Nampenda mzee huyu na leo nilitaka kumtemea mate.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani.

Baba Neema amepiga kutoka Lodwar, yeye ni askari wa magereza huko. Nimemweleza yote. Akasema niandike tu. Marehemu hatarudi. Nikikataa nitahamishwa mbali, na mtoto wa miezi tisa, na nani atamshika? Nyumba hii ya laini ya polisi tutaiacha. "Fikiria mtoto."

Namfikiria. Kutwa nzima namfikiria. Achieng' naye alikuwa akifikiria mtoto, ndiyo maana alirudi kuchukua sare.

Nimefua. Nimepika ugali, sikula. Neema amelala na mkono wake kwenye shingo yangu. Ninaogopa. Sitaki kuwa shujaa. Nataka kulala siku mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika kabla ya wote. Askari wa usiku alinipa kitabu, akaenda kunawa.

Nambari 18. Mstari mmoja tu, nikabana herufi:

"Mlalamishi aliahidiwa gari. Akangoja. Gari halikwenda, nasi hatukwenda. Nimeandika leo Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi." Jina langu. Nambari yangu ya kazi. Sahihi.

Nikafunga kitabu, nikaenda kuchemsha chai.

Sajini alikuja, akafungua, akasoma. Alisoma mara nyingi kuliko maneno yenyewe. Akavua kofia akaiweka mezani. Akasema, "Umetuzika, mama." Nikasema, "Wa kuzikwa bado yuko mochari, Sajini." Sijui nilitoa wapi maneno hayo.

Jumanne, 11 Machi

Inspekta ni mwanamke. Mfupi, miwani, hatabasamu. Alisoma ukurasa huo akaupiga picha. Akaniuliza kwa nini mstari ulikuwa wazi siku nne. Nikamweleza mstari wa Bosi. Alifungua kurasa za nyuma. Moja, mbili, kumi. Kila ukurasa, mstari wa chini una mwandiko mwingine, kalamu nyingine. Mwingi wa miaka kabla yangu. Mwingine wa wiki hizi, na nambari za mwanzo wa mstari ni mwandiko wangu.

Akasema kwamba ukweli wangu ulichelewa. Nikasema ndiyo. Akasema hataweza kuniambia kwamba nitaachwa bila adhabu. Nikasema sikuuliza.

Nilikuwa nadhani nitajisikia mwepesi. Hapana. Bado saa mbili asubuhi simu inalia kichwani na mimi nasema ngoja kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Barua imekuja upesi kuliko gari. Uhamisho, Tana River. Niripoti mwisho wa mwezi. Bosi naye ameambiwa akae nyumbani kwanza. Sajini anaendelea kungoja kustaafu kwake, hanitazami.

Kiptoo amenisaidia kutafuta maboksi. Akasema, "Siku ile mimi nilikuwa tu nimelala kwa gari. Injini imezimwa. Wangeniambia nikuje, ningekuja dakika arobaini." Akarudia, dakika arobaini. Nilitamani asingeniambia.

Jumamosi, 15 Machi

Tumemzika Achieng', kwa mama yake, si kwa mume. Wazee walikubali bila kelele nyingi.

Leo gari limepatikana. Kaimu bosi mpya aliamuru lisindikize mwili, kwa kuwa watu wa magazeti walikuwepo. Kiptoo akawasha taa, akalipeleka mbele ya jeneza. Mimi nilikuwa ndani, nimevaa sare. Mama yake Achieng', watu wanamwita Min Achieng', akatoka kwenye watu akasimama katikati ya barabara. Mwanamke mwembamba, leso kiunoni. Akagonga boneti kwa kiganja.

"Rudini nyuma. Nyinyi si hufika nyuma? Basi kaeni nyuma."

Kiptoo akarudisha gari taratibu, watu wakitupisha. Tukakaa nyuma, nyuma ya wanaotembea kwa miguu, nyuma ya wale watoto wawili. Wamevaa sare za shule. Ndizo nguo zao nzuri.

Jumatano, 26 Machi

Nimekabidhi meza. Anayechukua nafasi yangu ameandika OB mpaka chini, mstari wa mwisho kabisa. Hakuambiwa na mtu. Alitazama tu ukurasa wangu.

Kabla ya kwenda stejini kupanda basi nimepita Dunga na Neema mgongoni. Sikuwa nimevaa sare. Min Achieng' alikuwa anaanika omena kwenye neti, ameinama. Nilisalimia. Hakuitikia. Nikabaki nimesimama, kwa sababu kuondoka kungekuwa kuwaacha mara ya pili.

Baadaye akasema bila kuinua kichwa, "Kuandika uliandika. Nimeambiwa."

"Ndiyo, mama."

"Kwenda hamkwenda."

"Hatukwenda, mama."

Akaendelea kutandaza. Ndege weupe walikuwa wanamvizia, akawafukuza kwa fimbo. Nikaona sina lingine la kusema, na nisitafute. Nikageuka.

"Wewe." Ameinuka, mkono juu ya macho. Hanitazami mimi. "Huyo mtoto jua linamchoma. Mfunike kichwa."

Nikamfunika.