Kivuli cha Orrin

Cedar Falls, Iowa
Machi 1911

Mama mpendwa,

Baridi haijatuachia bado, ila kuku wameanza kutaga tena. Mguu wako unaendeleaje?

Umeniomba picha ya Orrin ya kutundika ukutani. Nimeipekua albamu ya safari yetu ya Yellowstone yote, Mama, na mwanao hayumo. Mimi nimo kila mahali, dubu wamo, hata farasi wa gari wamo. Kamera hakumwachia mtu mwingine kuishika.

Ila dukani alikoinunua walimwambia jua liwe mgongoni kwake anapopiga picha, basi kila mara kivuli chake kikaangukia miguuni pangu. Nikawa namfokea, "Orrin, kivuli chako kimeingia tena!" Naye anacheka: "Kiache, mke wangu, nacho kimekuja kutembea."

Tangu tumzike, siwezi kuzitazama picha hizo bila kumsikia.

Nakutumia moja, ile ya kwenye chemchemi ya maji moto. Utamjua kwa kofia iliyokaa upande, uliyokuwa ukimgombeza kwa ajili yake miaka yote. Usishangae kuona picha imepitiwa na mkasi. Niliyekatwa ni mimi, ili ubaki naye peke yake.

Mkweo,
Althea