Hongera Sana, Tunangoja Nyingine

Mpendwa mshauri Bi Maimuna, shikamoo, naomba unisome mpaka mwisho na unisaidie, nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu nimeichoka na hata kuishika sitaki, ingawa ndiyo hiyo hiyo iliyonifikisha kwako.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, nakaa Msambweni, nashona sare za shule, nina mume na watoto watatu, mkubwa tumemwoza mwaka jana. Miaka minne iliyopita mimi na shoga yangu Twaiba wa Kombani, pamoja na Rashad anayefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani, tulianzisha grupu ya picha mtandaoni, jina lake nimekuandikia nyuma ya bahasha lakini tafadhali usilichapishe, na majina ya watu humu uyabadilishe. Kila mtu anaweka picha alizopiga mwenyewe za huku kwetu kusini, si za kuokota, na tukaweka sharti moja tu, kwamba ukiweka picha yako moja utoe komenti kwa picha tatu za wenzako. Sharti hilo nililileta mimi, kwa sababu sisi tumelelewa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, akikuletea mkate wa sinia unaitia chochote ulicho nacho ndipo unairudisha, hata kama ni chumvi.

Bi Maimuna, wallahi lilikuwa jambo zuri. Tulifika watu mia nne, walimu wa Kwale, kinamama wa Vanga, mpaka daktari mmoja wa mifugo kule Mackinnon Road, jina lake Kalama, na mtu akiweka picha ya ukuta wake aliopaka chokaa anapata komenti hamsini kabla ya adhuhuri. Lakini hodari wao alikuwa Twaiba, maana yeye hakuandika neno "nzuri" akaenda zake, yeye aliitazama picha. Siku moja niliweka picha ya kanzu tatu zimeanikwa uani kwangu, akaniandikia, "Shoga, hiyo ya katikati imeanikwa na mtu mwingine, tazama vibanio vyake vilivyokaa." Na ni kweli, ile ya katikati aliianika mume wangu. Nilicheka mpaka nikasimamisha cherehani.

Sasa mambo yamebadilika. Mwaka huu watu wanaweka picha zao na kuondoka, hawatazami za wenzao, hawajibu, hawaulizi, na mimi yamenifika hapa. Wiki tatu zilizopita wakati wa bamvua niliamka alfajiri nikafuatana na kinamama wanaochokoa pweza, maji yakiwa yamekupwa, nikatembea juu ya miamba na viatu vya plastiki mpaka kisigino kikachubuka, nikampiga picha Bi Shutu, mama wa miaka sabini, ameinua pweza kwa mkono mmoja na mkono wa pili ameshika leso yake isipeperuke, pweza amemzonga mpaka kwenye kiwiko na mama anacheka. Hiyo ndiyo picha bora niliyopata kupiga maishani mwangu, nakuambia bila kujisifu. Nikaiweka. Ikapata mioyo minne. Minne, Bi Maimuna, katika watu mia nne! Mmoja binti yangu, mmoja Rashad, mmoja mtu fulani anayeuza viatu ambaye hubonyeza kila kitu, na mmoja sikumjali. Komenti hata moja hakuna. Nililia, sioni haya kukuambia, nililia mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe.

Na mimi nimewapa, hilo ndilo linaloniuma! Kila asubuhi nikishakunywa chai nawapitia wote, simwachi mtu, na kwa kuwa ni wengi na kazi inaningoja niliandika maneno mazuri mara moja nikayahifadhi kwenye simu, "MashaAllah, hongera sana, tunangoja nyingine," nayabandika chini ya kila picha, robo saa nimekwisha, nakaa kwenye cherehani roho yangu safi kwamba simdhulumu mtu. Wao wameshindwa nini?

Basi nimeamua kuchukua hatua. Nimeandika orodha ya watu sitini ambao hawajatoa komenti hata moja kwa miezi mitatu, na Ijumaa hii nataka kuiweka grupuni kila mtu aione, jina kwa jina, halafu niwatoe. Rashad hataki. Aliniambia, "Dada, ukianika majina ya watu hivi, hata hao waliobaki watatoka. Mimi nitakuwa wa kwanza." Nikamwambia basi toka. Tangu Jumapili hatujasemezana.

Na la kuudhi zaidi, jina la kwanza katika orodha ni Twaiba, yeye tuliyeanzisha naye, miezi mitano hajamwandikia mtu neno. Hapa nieleze kidogo usije ukadhani nina kisa naye. Miezi mitano iliyopita aliweka picha ya kiti cha mbao kando ya mlango wao, kitupu, jua la asubuhi limeingia mpaka kwenye miguu ya kiti, nami nikabandika maneno yangu kama kawaida, na watu waliponiona mimi admini nimeandika nao wakaandika hongera. Kumbe alikuwa ameandika maelezo marefu, na simu inakuonyesha mstari wa kwanza tu mpaka ubonyeze "soma zaidi", na mstari wa kwanza ulisema, "Hapa ndipo alipopapenda baba." Sikubonyeza. Jioni Nusra wa Vanga akanipigia akaniambia mzee Abdulrahim, baba yake Twaiba, amefariki, wamemzika jana yake. Mzee mwenyewe namjua, alikuja na Twaiba kwenye harusi ya binti yangu, nikampiga picha akinywa kahawa. Nikaifuta komenti yangu upesi. Nilitaka kwenda kumpa mkono wa taazia nikaona haya, nikasema nitakwenda kwenye arubaini, arubaini ikaingia nina sare za muhula mpya, na kila siku zikizidi haya nayo ikazidi. Lakini hayo yamepita na maneno niliyafuta, kwa hivyo sidhani yanahusika.

Swali langu ni hili, niwatoe hao sitini au niifunge grupu kabisa nipumzike? Nijibu kabla ya Ijumaa.

Asiyepata Shukrani,
Msambweni


BI MAIMUNA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Swali lako nitalijibu, lakini kwanza nimefanya ambalo wewe umeliacha siku nyingi: nimezitazama picha. Ikram wa hapa ofisini alinifungulia grupu yako kwenye kompyuta, nikakaa nayo asubuhi mbili na miwani yangu. Mnajua kazi. Hiyo ya pweza nimeirudia mara tatu, na bado nataka kujua leso ya Bi Shutu imeandikwa nini, maana maneno yake yamejikunja. Ukimwona nisaidie kumuuliza.

Uchungu wako naujua. Mtu apike, apakue, atandike mkeka, wageni wasije. Kunauma, na asikwambie mtu kwamba ni utoto. Haya, umeshalia, umeshapewa pole. Sasa nikugombeze.

Hayo maneno yako mazuri nimeyakuta kila pembe. Chini ya picha ya mtoto aliyefungwa plasta ya mkono: MashaAllah, hongera sana, tunangoja nyingine. Chini ya picha ya paa la madrasa lililong'olewa na upepo: hongera sana, tunangoja nyingine. Kalama wa Mackinnon Road aliweka picha ya ng'ombe aliyekufa kwa ukame, na wewe hapo chini, hongera sana, tunangoja nyingine. Unangoja nini, mwanangu? Ng'ombe wa pili? Maskini daktari hajaweka picha tena tangu siku hiyo, na bila shaka umemtia kwenye orodha yako ya wavivu.

Umenitajia sahani. Vizuri, tuseme ya sahani. Ni kweli hairudi tupu, na asiye na kitu akiitia chumvi hakuna wa kumcheka. Lakini mama zetu waliifunua kwanza. Walitaka kujua jirani ameleta vitumbua vya mtoto aliyehitimu au ameleta wali wa hitma, kwa sababu jibu la kimoja silo jibu la kingine. Wewe hukufunua hata moja. Ulikuwa na chungu kizima cha wali jikoni, ukazitia sahani mia nne chumvi ile ile, ukazisukuma mlangoni kwa robo saa, halafu unashangaa watu hawakuletei tena. Unasema wenzako wamekuwa wabahili. Hapana. Wamejifunza kwa admini wao. Ulipobandika nao wakabandika, na kubandika nako kukawachosha, maana mwenye picha anajua kama ametazamwa au amepitiwa tu.

Tuje sasa kwenye lile ulilolificha mwisho wa barua ukasema halihusiki. Hilo ndilo barua yenyewe. Hayo mengine yote ni bahasha.

Umefuta maneno kwenye simu yako ukaona yamekwisha. Kwake yeye hayakwisha, alikwishayasoma. Na ya wenzako thelathini na saba waliokufuata yapo mpaka leo, nimeyahesabu, hongera na hongera na hongera chini ya kiti cha mzee aliyezikwa jana yake. Wewe ni admini, ungeyaondoa yote kwa kidole kimoja, ukaondoa la kwako tu. Matangani hukwenda. Hitma hukwenda. Arubaini ulikuwa na sare. Mama yake Twaiba, aliyetajwa na bintiye chini ya kiti hicho, ameingia eda na ametoka, hukumpelekea hata salamu. Na sasa Ijumaa unataka umwanike mwanawe mbele ya watu mia nne kwamba yeye ndiye asiyejibu. Haya ilikuzuia kwenda kumpa pole, lakini haikukuzuia kuliandika jina lake mwanzo wa orodha. Haya ya namna hiyo mimi siijui, na nimekasirika kuisoma.

Usiniambie umechelewa. Kawia ufike.

Orodha hiyo ichane leo, kabla hujalikunja gazeti hili. Kisha umpigie Rashad simu, umwombe radhi, umwambie alisema kweli. Ingia grupuni uondoe zile hongera zote chini ya kiti cha mzee, moja moja, na safari hii ubonyeze hapo penye "soma zaidi" na usome alichoandika mwenzako mpaka nukta ya mwisho. Ile picha ya mzee akinywa kahawa unayo. Nenda studio Ukunda ukaisafishe, kubwa, itie kwenye bahasha. Jumamosi panda gari mpaka Kombani, na sukari na majani ya chai mkononi. Usiende Ijumaa, Ijumaa ulikuwa umeipangia ubaya.

Ukifika anza kwa mama mtu. Mpe pole, ukae, unywe utakachopewa. Twaiba mwambie, "Nilikosa. Sikusoma." Ukomee hapo. Habari za muhula mpya na wingi wa sare usizitie, hakuna aliyekuuliza. Akilia mwache alie, akinyamaza nyamaza naye, akikukaripia umestahili. Mwenye kovu usidhani kapoa. Bahasha mkabidhi mkononi, na kama ni picha ya kutundikwa ukutani au ya kuwekwa sandukuni, ataamua mwenyewe mwenye baba. Na simu yako ibaki mkobani. Nikisikia umepiga picha ziara hiyo ukaiweka grupuni, nitakuja Msambweni kwa miguu yangu.

Kuhusu grupu, usiifunge na usimtoe mtu. Hilo sharti la komenti tatu lifute. Wewe mwenyewe, kila asubuhi baada ya chai, chagua picha moja, moja tu, uitazame kama Twaiba alivyotazama kanzu zako, uandike ulichokiona. Anza na ya Kalama, na ya kwake ni pole. Watu wakirudi mia nne, alhamdulillahi. Wakirudi kumi wanaotazama, wametosha.

Nimebakiwa na neno moja. Umesema picha ya pweza ilipata mioyo minne, binti yako, Rashad, muuza viatu, na mmoja hukumjali. Mimi nimemtafuta nikaliona jina lake. Ni Twaiba. Ndiye aliyebonyeza wa kwanza, asubuhi ile ile, kabla hata ya binti yako.

Bi Maimuna