Mama, Sahani Yako Imefika Cádiz

Mama yangu, Bi Mwanaidi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa barazani kwako, hapa Kilwa Masoko, juu ya kile kiti chako cha plastiki ulichokuwa hutaki mtu akikalie. Nimekikalia kwa raha zangu zote kwa kuwa hupo wa kuninyanyua. Nina habari niliyoibeba kutoka mbali. Wengine nikiwasimulia wanacheka pale ninapotaka kulia, nikaona afadhali nimwambie anayejua pa kucheka na pa kulia.

Mjukuu wako Zuhura amejifungua. Ni mtoto wa kike na jina amepewa lako, kwa hiyo una somo duniani. Amezaliwa Cádiz, mji wa kale wa Uhispania uliozungukwa na bahari karibu pande zote. Ndiko Zuhura alikopata kazi ya upishi hotelini, na mumewe, Hamisi, ni baharia wa meli zinazotia nanga kwenye bandari ile. Hamisi aliondoka na meli kabla mtoto hajazaliwa, na asingerudi mpaka baridi ipite. Ikabidi niende mimi kumlea mzazi kwa arobaini yake, kama ulivyonilea mimi.

Baridi ya kule, mama, nilidhani ningeizoea. Haikuwa ya kuua mtu, lakini ina unyevu, unalala shuka limekauka unaamka kama limetoka kufuliwa. Nikamuuliza Zuhura mkaa unauzwa wapi, nimwekee jiko chini ya kitanda kama desturi. Akasema nikiwasha mkaa chumbani zimamoto watafika kabla uji haujachemka. Basi nikamkanda kwa maji ya moto, nikamnywesha uji wa pilipili manga, na kila dirisha nikaziba kwa kanga. Kanga zako, mama, zile mbili nilizorithi, zimeuona ubaridi wa Ulaya.

Ila baridi haikunitisha kama milango. Nyumba ile ni ya zamani, ghorofa zake zinazunguka ua wa ndani, na katikati ya ua pana mti wa danzi, yale machungwa makali, uliojaa matunda yanayong'aa ambayo hakuna anayeyachuma. Nilipouona ule ua nilifurahi, nikajua hapa watu wanakaa kama sisi. Kumbe kila mlango unaangalia uani na kila mlango umefungwa. Zuhura alikuwa na mwaka mzima pale na aliyemjua ni mmoja tu, bibi wa mlango wa pili anayeishi peke yake, tena kwa salamu za kwenye ngazi. Anaitwa Karmen. Kule mkubwa huitwa jina lake hivi hivi, mimi ulimi ulikataa, nikamwita Bi Karmen tangu siku ya kwanza.

Nikaanza kukosa raha. Arobaini ikiisha narudi, tiketi imeshakatwa, na Hamisi yuko baharini. Mtoto akipandwa na homa, nani atakayemshikia mwanangu akimbilie dawa? Akitaka kuoga tu, amwachie nani? Nikamwambia Zuhura afunge mizigo, turudi wote Kilwa. Aliendelea kumnyonyesha mtoto, kisha akasema, "Mama, mimi kwangu ni hapa sasa." Lilinichoma lile neno, maana nilijua ni kweli.

Sasa ikaja sahani. Krismasi ilikuwa karibu, taa zimetundikwa barabara nzima, madirisha ya maduka yamejaa peremende, na Bi Karmen akagonga mlango. Ameshika sahani ya udongo yenye maua ya buluu, juu yake vijikate vidogo vyeupe vimefungwa katika karatasi moja moja. Niliipokea kwa mikono miwili huku nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Alipoondoka, Zuhura akanong'ona kwamba vile vitamu vya Krismasi vya kule hukandwa kwa mafuta ya nguruwe.

Nilikaa chini, nikawakumbuka Mama Esta na baba.

Unakumbuka Mama Esta alivyokuja kupanga jirani yetu, ametoka Rondo amemfuata mumewe, hajui mtu? Krismasi yake ya kwanza alisimama nje ya uzio na kuku wawili wamefungwa miguu, akamwomba baba aje achinje yeye, ili na sisi tule. Kuku wa Krismasi, kisu cha Mwislamu. Ikawa hivyo kila mwaka mpaka baba alipofariki, na baada ya baba akamwita kaka. Nawe Idi ikifika, sahani ya kwanza kutoka jikoni ilikuwa yake. Na ilikuwa marufuku kurudisha sahani ya mtu tupu. Kama ndani hakuna kitu, uliweka hata ndimu mbili, hata chumvi ya mawe. Ulikuwa ukisema, "Sahani tupu inasema tumemalizana."

Kwa hiyo mimi pale Cádiz nilikuwa na sahani ya watu na sina cha kutia. Jiko lenyewe nalijulia uji tu, na mzazi hajatoka nje. Sikutaka kuvitupa vile vijikate, kutupa chakula cha zawadi nako ni dhambi. Zuhura akampa yule bwana anayeleta mitungi ya gesi, sahani tukaiweka juu ya kabati ikisubiri nipate wasaa wa kupika kitu cha maana. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Bwana wa gesi hakungoja afike kwao. Alikaa kwenye ngazi, akafungua vile vikaratasi kimoja kimoja, na Bi Karmen akapanda ngazi akamkuta anatafuna.

Siku mbili hatukumwona, siku ya tatu akabisha hodi. Uso haukuwa wa ubaya, ulikuwa umejifunga tu kama ule mlango wake. Akasema anaomba sahani yake, ina kazi siku hizi za sikukuu. Nikamwambia Zuhura amkalishe kwanza, nikakimbilia jikoni, nikachana mfuko wa korosho nilizompelekea mwanangu kutoka Lindi, nikazimimina zote kwenye sahani mpaka zikafurika. Niliporudi nazo nikakuta Zuhura ameshamweleza ukweli, kwamba sisi hatuli nguruwe, kwamba mama yake alipokea sahani kwa heshima na alikuwa hataki kuirudisha tupu. Bi Karmen alinitazama, akazitazama korosho. Akasema neno moja fupi, akachukua sahani, akaenda zake. Nilimuuliza Zuhura amesema nini. Akasema, "Amesema, 'Ah.'"

Ile "ah" sikuijua ni ya namna gani, nikaitafuna moyoni mchana kutwa. Nilijua nimemharibia mwanangu jirani pekee aliyekuwa naye. Nilikukasirikia hata wewe, nikasema mambo ya sahani za Kilwa yalinituma nini ughaibuni. Unisamehe.

Mkesha wa Krismasi, alasiri, mlango ukagongwa tena. Bi Karmen alikuwa amefunga aproni, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko, na kwenye sahani ile ile vijikate vipya, vingine vimepasuka, havina karatasi. Akazungumza na mimi, si na Zuhura, polepole kama vile nikipewa muda nitaelewa. Zuhura akanitafsiria huku machozi yanamtoka.

"Anasema safari hii ameweka mafuta ya zeituni. Anasema ni mara yake ya kwanza, havikushikana vizuri, tumsamehe."

Mama, nilimwona Mama Esta nje ya uzio na kuku wake. Nililia mbele ya mtu nisiyejua lugha yake, naye akaniwekea unga wote begani akinibembeleza. Vijikate vilikuwa vinamomonyoka kabla ya kufika mdomoni. Tulivila vyote.

Kuanzia hapo hapakuwa na mlango. Alitukaribisha kwake, ana meza ya duara yenye kitambaa kizito kinachoshuka hadi sakafuni, na chini yake kuna hita ndogo. Mnakaa mmejifunika mapajani, miguu yote inapata moto. Nilimkalisha mzazi pale kila siku nikasema, hili sasa ndilo jiko la chini ya kitanda. Mimi nikamfundisha kashata za korosho. Danzi za uani nilizichuma nikamkamulia kwenye samaki, akaniangalia kama nimemkamulia sabuni, kisha akaomba aongezewe. Mtoto jina lake lilimshinda, akalikata akabaki na Idi. Nikaona si vibaya, Krismasi imempokea Idi.

Kabla sijarudi alinitembeza mjini. Ilikuwa mkesha wa siku wanayosherehekea wafalme watatu waliomzuru mtoto Yesu, watu wazima wamepanda magari yaliyopambwa wanarusha peremende, na Bi Karmen na uzee wake akafungua mwavuli akaugeuza juu chini ili ajaze. Tukafika kwenye ukuta wa bahari, upepo unataka kuniondokea na mtandio. Nikashika jiwe. Lina makombe ndani yake, mama, makombe ya chaza kabisa, kama kuta za magofu ya Kilwa Kisiwani ulizokuwa ukitukataza kuzikwangua. Nilisimama mkono ukutani mpaka Bi Karmen akadhani nimechoka.

Siku ya kuondoka sikulia kama nilivyoogopa. Zuhura alinisindikiza hadi kituoni, na mtoto alibaki juu na Bi Karmen, amefungwa kwa kanga yako nyekundu. Ile nimeiacha huko. Najua usingekasirika.

Nataka nikushukuru, na nimechelewa. Baada ya matanga yako, tulipofungua kabati la vyombo kugawana, tulikuta sahani zako hazifiki nusu. Zako tulizijua kwa ile alama ya rangi ya kucha uliyopaka chini, wewe ambaye kucha zenyewe hukuzipaka. Nyingine zote zilikuwa na alama za watu, na nyingi zilikuwa na doa la kijani la Mama Esta. Nilizibeba nikampelekea. Alikataa kuzipokea. Akasema, "Na za mama yako ziko kwangu. Nikikurudishia, tutabaki na nini?" Siku ile nilidhani ni huzuni tu inasema. Sikujua kwamba ulikuwa unaniachia urithi, na kwamba ungemfaa mjukuu wako mahali ambapo hukuwahi hata kupasikia.

Sasa Zuhura akipiga simu, nikishamaliza salamu namuuliza sahani iko kwa nani. Ndivyo ninavyojua hali yake. Akisema iko kwake nauliza amepanga kutia nini, akisema iko kwa Bi Karmen nalala vizuri. Jana nimemuuliza kama kawaida, akacheka.

"Mama, sijui tena. Zangu ziko kwake, zake ziko kwangu. Zimeshachanganyika."

Lala pema, mama. Kabati lako nimelifunga na vyombo vya watu ndani yake, kama ulivyoliacha.

Mwanao,
mama yake Zuhura