Wananikubalia Upesi Mno

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako katika jambo ambalo, kusema kweli, nimeshalichunguza vya kutosha, na kilichobaki ni mtu wa nje mwenye akili timamu anithibitishie kwamba sijakosea. Mimi ni mtoto wa kwanza katika familia yetu, na ndiye msimamizi wa karakana ya useremala aliyotuachia marehemu baba, kazi niliyoishika baada ya kuacha ualimu. Tunaofanya kazi humo ni watu wanne tu: mimi, mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye fundi mkuu na hata wateja humwita Futi kwa kuwa hatembei bila futi ya kupimia mfukoni, mke wake, yaani wifi yangu, anayesimamia chumba cha vanishi, na kitinda mimba wetu, binti mcheshi anayepokea wateja pale mbele. Kila uamuzi mkubwa tunaupitisha kikaoni, kwenye meza ya kuungia fremu, baada ya kufagia maranda, na utaratibu ni ule ule wa baba: mkubwa hutangulia kusema, wengine hufuata kwa umri, na jambo halipiti mpaka wote tukubali. Nimeutunza utaratibu huo kwa uangalifu kwa sababu naona ni wa heshima na pia ni wa haki.

Sasa Futi ametuletea mkandarasi anayejenga nyumba za kupangisha, naye anataka tuachane na makabati, meza na vitanda, tumtengenezee yeye peke yake milango na fremu, na jibu analitaka kabla ya wiki ijayo kwisha. Futi alinieleza habari hiyo akiangalia viatu vyangu badala ya uso wangu, na nilipomuuliza yeye mwenyewe anaonaje, akanijibu, "Nakusikiliza wewe, dada." Mtu anayeleta wazo kwa miguu yake halafu akadai hana maoni juu yake, mshauri, huyo ana kitu anakificha, na sikuhitaji kuambiwa na mtu ili nianze kufungua macho.

Tangu siku hiyo naona mengi. Futi na mkewe husimama mlangoni mwa chumba cha vanishi wakizungumza kwa sauti ya chini, na nikitokea tu, Futi anakwenda kuwasha mashine ya randa, hali hakuna ubao wowote wa kuranda, inanguruma yenyewe mpaka nipite. Kitinda mimba, ambaye hajawahi kunyamaza tangu alipojifunza kusema, nikimgusia habari za mkandarasi anaanza kupanga vitasa kwenye rafu ambavyo alikwisha kuvipanga. Juzi nilimkuta mkandarasi mwenyewe nje, amemshika Futi bega, wanacheka, nikamsikia akisema, "Basi fundi, sisi tunakutegemea wewe," na aliponiona akanisalimu kwa adabu nyingi kupita kiasi, adabu ya mtu aliyeonywa kabla.

Nikaamua kuwapima. Nilimwambia wifi, tukiwa wawili, kwamba nimekwisha kuamua kumkataa mkandarasi. Nikamwambia kitinda mimba, naye peke yake, kwamba nimeamua kumkubali. Na Futi nikamwambia kwamba nafikiria kuiuza karakana yote nirudi darasani. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kama wanapanga pamoja, habari hizi tatu zitagongana, na mmoja wao atanijia juu. Nikasubiri. Hakuna aliyekuja. Wifi aliendelea kupiga msasa viti vyake, kitinda mimba alisema tu, "Sawa, dada," na Futi akaniuliza kama chai imebaki. Hapo ndipo nilipopata uhakika, kwa sababu watu wasio na la kuficha wangeshtuka. Hawa wamepanga mpaka namna ya kutoshtuka.

Wala hii si mara yao ya kwanza. Mwaka jana nilipendekeza makabati yetu ya nguo yakae sakafuni moja kwa moja, bila miguu, kwa kuwa yanapendeza hivyo na yanapunguza upotevu wa mbao. Nilieleza hoja yangu kwa mpangilio, nikaonyesha na mchoro, kisha nikawauliza mmoja mmoja. Futi alisema ni wazo zuri. Wifi alisema, "Tufanye tu, wifi." Kitinda mimba akacheka: "Dada ameshasema, sisi ni nani?" Tukatengeneza, tukauza, na baada ya muda makabati yakaanza kurudi mlangoni kwetu yamevimba huku chini kama mguu wa mgonjwa, kwa sababu watu hupiga deki nyumbani kwao na maji hunyonywa na mbao. Nilipowauliza kama hakuna aliyeliona hilo mapema, Futi akanijibu, tena kwa upole wa kuudhi, "Tuliliona, dada. Ila ulikuwa umeshasema." Wote watatu walijua, mshauri. Walijua, wakanikalia kimya, wakaniacha nikasimame mimi mbele ya wateja. Sasa watu wa namna hiyo wakisema ndiyo kwa milango ya mkandarasi, ndiyo yao ni ndiyo ya nini?

Kikao ni Jumamosi. Nimekusudia kukifungua kwa kuwaambia wazi kwamba najua wanachokipanga, nikatae ombi la mkandarasi, kisha nimwondoe Futi katika mazungumzo yote na wateja wakubwa. Ninachokihofia ni kimoja: Futi akichukia ataondoka, akiondoka anaondoka na mkewe, na karakana aliyoijenga baba kwa mikono yake itabaki na mwalimu wa zamani na binti wa mapokezi, ambao hata mmoja hajui kuchonga ulimi wa mbao ukaingia kwenye tundu lake. Lakini kuishi na wasaliti pia siwezi. Sihitaji maneno mengi. Niambie tu kwamba ungekuwa mimi ungefanya hivyo hivyo.

Ni mimi,
Mkubwa wa Karakana

*

Mkubwa wa Karakana,

Ningekuwa wewe nisingefanya hivyo, na utanivumilia nikueleze sababu, ingawa umenisihi nisiseme mengi. Barua yako nimeisoma kwa shaka ile ile unayowatazamia ndugu zako. Naona ndiyo heshima unayoielewa zaidi.

Nianze na pole, kwa maana unaistahili. Kusimamia kitu alichokiacha mzazi, ukiwa na ndugu zako mwenyewe kama wafanyakazi, na lawama zote zikijua njia ya kuja kwako, ni mzigo ambao watu wengi wangeutua. Na aibu ya makabati yaliyovimba ilikuwa aibu ya kweli. Pole yangu inaishia hapo.

Tulitazame jaribio lako. Kama ndugu zako wangekujia juu, ungesema wanaambiana, kwa hiyo wana njama. Hawakukujia, ukasema wamejizuia, kwa hiyo wana njama. Wewe ulikuwa mwalimu. Mwanafunzi akikuletea jaribio ambalo kila matokeo yanathibitisha jibu alilolianza nalo, ungempa alama gani? Niambie ni jambo gani wangelifanya, hata moja, ambalo lingekufanya useme, "Basi, nimewasingizia." Kama hulioni, basi hukuwapima, uliwahukumu, kisha ukatafuta ushahidi wa kupamba hukumu. Na kuna jambo jingine ambalo nadhani lilikupita. Katika habari yote uliyoniandikia, mtu mmoja tu ndiye ambaye nina uhakika kwamba amesema uongo, na ameusema mara tatu, kwa watu watatu, ili awakamate waongo.

Sasa turudi kwenye makabati, kwa sababu humo ndimo ulimoniandikia jibu lako bila kukusudia. Ulitangulia kusema. Ulieleza kwa mpangilio. Ulionyesha mchoro. *Kisha* ukauliza. Ulipouliza, mdogo wako alikuwa na njia mbili: ampinge dada yake mkubwa, aliyekaa kwenye kiti cha baba, mbele ya mkewe na mdogo wao, au aseme ni wazo zuri. Akasema ni wazo zuri. Na alipokueleza sababu baadaye, alikueleza kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa: ulikuwa umeshasema. Wewe ukasikia usaliti. Mimi nasikia mtu anayekuelekeza, kwa adabu, kasoro ya kikao chenu ilipo.

Sijui kama utaratibu wa baba ulimfaa baba. Huenda yeye alijua kila kitu kuhusu mbao, na hakuhitaji kusikia la mtu. Wewe hujui kuchonga ulimi wa mbao, umekiri mwenyewe. Kikao ambacho asiyechonga hutangulia, na wanaochonga humwitikia, si kikao cha kuamua. Ni sherehe ya kukubali. Na watu wasipopata pa kusemea mezani, watasemea mahali pengine. Umeshangaa kwamba wanazungumza mlangoni mwa chumba cha vanishi; mimi ningeshangaa kama wasingezungumza. Hata kwa nini Futi aliangalia viatu vyako, nadhani naelewa. Alitaka ajue wewe unaonaje kabla yeye hajasema anavyoona, kwa kuwa amejifunza kwamba baada yako maoni yake hayana kazi.

Nimesema nadhani, kwa sababu sijui, na wewe pia hujui. Sikusudii kumfanya mdogo wako malaika. Mkandarasi anayemwambia fundi "tunakutegemea wewe" huku amemshika bega anastahili kuulizwa, na fundi pia. Lakini swali hilo ni moja na ni jepesi, nalo huulizwa mezani mbele ya wote: "Mkandarasi amekuahidi nini wewe ambacho sisi hatukijui?" Uliza, halafu nyamaza. Usiongeze "kwa sababu mimi nimeona," usiongeze "usinidanganye." Mtu akishaonyeshwa kwamba amehukumiwa, hajibu swali tena, anajitetea.

Kinachonitia shaka zaidi ni kile ambacho hukukiandika. Barua yote, hukuniambia kama kutengeneza milango ni jambo jema au baya. Hapana hata sentensi moja. Karakana yenye mteja mmoja, mteja huyo akisimamisha ujenzi, inaishi kwa nini? Milango ikikamilika na nyumba hazijaezekwa, itakaa wapi isipinde? Wanaokuja kwenu kwa ajili ya vitanda, mkiwageuza mwaka mmoja, watarudi? Haya ndiyo yanayoweza kuiangusha karakana, na wewe umeyaacha yote ukahesabu mara ngapi randa imewashwa. Kumchunguza mtu kunachosha kidogo tu na kunatupa raha ya kuwa wajanja. Kulichunguza jambo kunachosha sana na wala hakutupi raha hiyo. Ndiyo maana tunachagua la kwanza, halafu tunajiita waangalifu.

Na hata mimi umenifanyia kikao. Umenieleza hoja kwa mpangilio, umenionyesha mchoro, kisha mwishoni ukaniuliza kama nakubali. Mimi si mdogo wako, kwa hiyo nimeweza kukataa bila kuangalia viatu vya mtu.

Basi fanya hivi. Kabla ya Jumamosi, waite wote watatu kwa pamoja uwaambie zile habari tatu ulizowapandia, na kwamba hakuna iliyo ya kweli. Usijieleze sana. Watakasirika, na watakuwa na haki. Afadhali wakasirike kwa ukweli kuliko waondoke kwa tuhuma. Mwambie mkandarasi mnahitaji muda zaidi. Akikupa, mnao muda. Akikunyima bila sababu, umejifunza jambo juu yake ambalo hata Futi atapaswa kulisikia. Na kabla hamjaketi kikaoni, kaa peke yako ujiulize: ni jibu gani lingenifanya nikubali milango, na ni lipi lingenifanya niikatae? Ukiona hakuna jibu lolote linaloweza kukufanya ukubali, usiite kikao. Waambie umeamua, ubebe lawama zake mwenyewe, uache kuwatafutia watu dhambi ya kufichia uamuzi wako.

Jumamosi, kikao kianzie kwa kitinda mimba. Kisha wifi, kisha Futi. Kila mmoja aseme kwanza mpango huu unaweza kuharibikia wapi, hata yule anayeupenda, na hasa yule aliyeuleta. Wewe uwe wa mwisho. Na siku hiyo msiamue. Laleni mkilitafakari, mrudi mezani siku nyingine.

Kitinda mimba atajaribu kukwepa kwa mzaha. Atakuuliza, "Kwani wewe dada unaonaje?" Usijibu. Mwambie umekuja kusikiliza, hata kama kimya kitakuwa kirefu mpaka kikukere. Na Futi akiinuka kwenda kuwasha randa, mwambie aketi, umeme umeuzima. Lakini uwe umeuzima kweli.