Raba Zenye Kamba

Jumatatu, 4 Mei 1992

Kliniki ya watoto mpaka saa nane. Mizani imekwama tena. Kandambili ya kulia imekatika mara ya tatu, nimeifunga kwa bandeji ya zahanati. Nesi mzima. Aibu tupu.

Ijumaa ya wiki ijayo nakwenda Utete kumwona afisa kuhusu uhamisho. Miaka sita ya Ikwiriri inatosha. Nataka Njombe. Nataka baridi, nataka kulala bila chandarua. Mwaka jana nilikwenda na kandambili, karani akanitazama miguu, akasema huku si sokoni. Nikakaa nje ya mlango mpaka ofisi ikafungwa. Safari hii nakwenda na viatu. Pea moja tu, iingie topeni na iingie ofisini. Ya pili sina uwezo nayo.

Jumatano, 6 Mei

Shabani wa mitumba amefungua belo la viatu. Watu walivamia kama kuna sukari ya bure. Nimejaribu vya visigino: vimezama kwenye udongo pale pale. Buti: zuri, lakini kwa afisa nitaonekana mgambo. Halafu nikashika raba moja nyeusi, ya kushoto. Soli bapa, pana, inang'ang'ania chini. Ngozi ya juu ina vinyweleo, laini kama sikio la mbuzi. Ulimi mnene, kamba ndefu. Ya kulia haipo. Nimechimba lile rundo saa nzima, nimeikuta chini kabisa. Mgongo wote unauma.

Shabani anasema ni vya watoto wa Ulaya wanaosimama juu ya ubao wenye magurudumu na kuserereka barabarani. Nikamuuliza kwa nini watu wenye akili zao waserereke. Akacheka. "Dada nesi, ukivaa na suruali sawa, ukivaa na gauni sawa. Hivyo havichagui." Nimevichukua.

Jumamosi, 9 Mei

Nyumba kumi na moja leo, kutembelea wajawazito. Mvua. Tope mpaka kwenye vifundo, sijateleza hata mara moja. Vya watoto wa Ulaya, lakini vimenisaidia.

Shida ni milangoni. Hapa huingii kwa mtu na viatu, mikeka imetandikwa, watu wanaswalia humo. Kandambili unaiacha ukitembea. Hizi nainama, nafungua, nainama, nafunga. Mara kumi na moja. Bibi Mwahija, ambaye mjukuu wake Zuhura anakaribia kujifungua, alinisubiri mlangoni mpaka akachoka. "Nesi, unavua viatu au unafungua sanduku?" Nyumba nzima kicheko. Nami nikacheka, kwa uchovu tu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimevipiga brashi, viko safi. Nimevijaribu na gauni la bluu. Shabani hakudanganya.

Siku nne.

Jumanne, 12 Mei



Saa nne asubuhi wameniita kwa Bibi Mwahija. Zuhura kajifungulia nyumbani, mtoto mzima, damu haikatiki. Nimekimbia. Mlangoni nikainama, kamba zimelowa, fundo limekaza. Nikasikia wanawake ndani wanaita jina lake, na yeye haitikii. Nikaingia hivyo hivyo. Na viatu.

Sindano. Nikakanda tumbo, nikakanda mpaka mikono ikafa ganzi. Damu imepungua, ikakata. Zuhura akafumbua macho akaomba maji.

Ndipo nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya msala wa Bibi Mwahija. Ule wa kuswalia. Tope, damu, alama za soli bapa kila mahali. Bibi akautazama msala, kisha miguu yangu. Nimekata kamba kwa mkasi, nikaviacha palepale, nikamkabidhi Zuhura kwa mwenzangu wa zahanati aliyenifuata na kurudi pekupeku.

Hawataniita tena. Na mwanamke mwingine atatokwa na damu huku wakisita kumwita nesi asiye na adabu. Hilo ndilo linaniuma. Si viatu.

Jumatano, 13 Mei

Mwenzangu kasema Zuhura ananyonyesha. Mimi sijaenda. Naogopa.

Alhamisi, 14 Mei

Nimekwenda. Shikamoo yangu hata mimi sikuisikia. Bibi kaitika, kaniita jikoni. Juu ya uchaga, kwenye moshi, msala wake umekunjwa unakauka. Pembeni yake viatu vyangu.

Kaviosha mwenyewe. Kwa jivu na kumbi la nazi, kavisugua kama sufuria, kisha kavikausha juu ya moto. Vinyweleo vyote vimekwisha. Ngozi imesinyaa, ngumu kama ubao. Katia kamba mpya, kasuka mwenyewe kwa ukindu. Na kesho ndiyo Utete. Nilitaka kulia, nikamwambia asante bibi.

Nikaanza kuomba radhi ya msala. Akanikatiza. "Msala umeoshwa. Ungesimama kufungua kamba, mwanangu, saa hizi tungekuwa na matanga."

Nimelia njiani. Nimelilia viatu na nimemlilia Zuhura, sijui kipi zaidi.

Ijumaa, 15 Mei

Nimevuka kwenda Utete na gauni la bluu na vile viatu. Vinabana, vidole viwili vimechubuka. Karani mpya. Afisa hakutazama miguu, meza yake kubwa. Dakika tano tu, kasaini barua ya uhamisho. Njombe, mwezi ujao.

Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nilikaa pale kivukoni, nikavua viatu, nikatazama maji.

Jumatano, 20 Mei

Jana wameniita nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi Mwahija. Mimba ya kwanza, miguu imevimba. Bibi mwenyewe ndiye aliyewaambia waniite. Nilipofika mlangoni walikuwa wamekunja mkeka mapema, nipite na viatu.

Leo nimekwenda kwa Shabani. Nimemwambia nataka soli ile ile, bapa, lakini isiyo na kamba. Akatafuta muda mrefu. Kitambaa cheusi, mpira pembeni, unatumbukiza mguu basi. Kimoja kimepauka kidogo. Hainisumbui.

Barua ya Njombe nimeirudisha Utete kwa mkono wa dereva wa gari la dawa, na maneno mawili: asante, nabaki. Nimechoka vilevile. Viatu viko mlangoni.