Mbuzi Waliooga kwa Ajili Yangu

Mama mpendwa,

Huku Gachoka jua linachoma. Ile sweta uliyonifungia tukiwa huko nyumbani Kiirua kwenye baridi hata sijaitoa kwenye begi.

Leo nimeanza utafiti wangu wa kukusanya kupe wa mbuzi, nijue wanabeba magonjwa gani. Kumbe Jumapili ilitangazwa kanisani kwamba daktari anakuja kuangalia mbuzi. Basi Mama Wanja, mwenye boma la kwanza, akawaosha wote kwa dawa ya kupe. Nimegeuza masikio thelathini, sikupata hata kupe mmoja. Yeye amesimama kando anangoja sifa.

"Mgeni ningemwonyesha aje mbuzi wachafu?" akaniuliza.

Nikamsifu, ningefanya nini? Akanipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mpaka mkanda ukakataa kufunga. Maboma mengine matatu, mambo yakawa yale yale.

Jioni nikioga ndiyo nikapata kupe mmoja, nyuma ya goti langu. Nimemtia kwenye chupa na kujaza fomu vizuri. Mnyama: mimi. Hali yake: ameshiba. Palipoulizwa mwenye mnyama, nimeandika jina lako.

Kwa hivyo usiwe na wasiwasi, mnyama wako ananenepa, na anakukumbuka sana.

Kendi