Shanga Nyekundu Ulizonipa

Somo yangu mpendwa,

Shikamoo, huko uliko. Siku tulipokuzika Chinongwe sikulia, na watu waliniona. Wifi yangu alisema nina roho ngumu. Haina ugumu wowote, somo, imekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ulilonifundisha wewe, nimelifanya miaka sita, na sina mwingine wa kumwambia.

Nilipotoka unyagoni ulinipa nyuzi mbili za shanga. Nyeupe zikining'inia kwenye msumari wa kitandani, mume ajue mambo shwari. Zikiwa nyekundu, ajue niko mwezini, alale chini mkekani. "Haya hayasemwi kwa mdomo, mwanangu," ulisema. Ulikuwa unabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nikakunong'oneza kwamba damu yangu huja inapotaka, miezi mitatu, minne, na kwamba kidevuni nang'oa ndevu. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Ndevu mbili tatu ni za bahati hizo! Na damu isipokuja, we tundika tu. Nyumba ya mume itulie."

Nikatundika. Nilipoolewa na Bakari huku Nandagala, kila mwezi ulipoandama nilitundika nyekundu siku tano, damu iwepo isiwepo. Niliogopa asije akasema nimekauka. Ulikuja kutusalimia msimu wa ufuta, ukaziona, ukanikonyeza. Nilifurahi siku ile, nikajiona mwali uliyemfunda akafaulu.

Mtoto hakuja. Mwaka wa tatu tukaenda hospitali, mimi na Bakari tumekaa benchi moja. Dokta akauliza siku zangu zinakwendaje. Nikainamisha kichwa, maana hayasemwi kwa mdomo. Bakari akajibu kwa majivuno kabisa: "Kila mwezi, dokta, hazikosi. Naona mwenyewe." Dokta akaandika. Bakari akapimwa, akaonekana mzima. Mimi nikapewa dawa za kusafisha kizazi, nikamaliza, nikarudi, nikapewa nyingine. Miaka ikapita hivyo, wakimtibu yule mwanamke wa kwenye shanga. Mimi nilikuwa nameza tu.

Ulipokwisha kuzikwa, tulikwenda kwa dokta mwingine, Nachingwea. Safari hii alikuwa mwanamke, na alimwomba Bakari asubiri nje. Akaniuliza mara ya mwisho kuona damu ilikuwa lini. Nikamwambia kweli. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu hukuwepo tena wa kuniona nikikuvunjia neno. Akanipima kwa ultrasaundi, akanionyesha vifuko vya mayai vimejaa vidoa vyeusi vidogo vidogo. Mayai yapo, alisema, ila hayakomai, homoni zimevurugika. Hata ndevu zinatokana na hayo hayo. "Dada, hili lina tiba. Wengi wanazaa. Kwa nini hukusema?" Nipunguze mwili, nitembee, nimeze kidonge cha kuleta damu kwanza, halafu vingine siku tano vya kukomaza yai.

Tulipofika nyumbani nilimweleza Bakari yote. Alikaa juu ya gunia la ufuta. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku zote zile nilikuwa nalala mkekani bure?" Nikasema ndiyo. Sikuona aibu, sikuona uchungu. Nilisikia njaa, nikaenda kusonga ugali.

Nimejaribu kukukasirikia, somo. Naitafuta hasira na siioni. Naona vidole vyako tu, na jinsi ulivyonifunga kanga siku ya kutoka unyagoni, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda. Na wewe ulifundwa hivyo hivyo, najua. Lakini miaka sita ni mingi, na ningependa ungekuwepo nikuambie hilo usoni.

Mzunguko wa kwanza wa vidonge haukuleta kitu. Wa pili hivyo hivyo, dokta akaongeza dozi. Aliniambia hata mimba isipoingia, damu ikija yenyewe kwa siku zake, bila kidonge cha kuileta, nijue yai limekomaa. Huu ni wa tatu. Leo asubuhi imekuja yenyewe.

Kwa hiyo sina mimba, na nina habari njema, na sijui nishike lipi. Nilifungua kisanduku, nikatundika nyekundu. Bakari aliingia kuchukua bomba la kupulizia mikorosho, akaziona, akasimama.

"Za kweli?"

"Za kweli."

Akaliweka bomba chini. Nilidhani atakwenda kwenye mkeka wake, lakini alikuja kukaa kitandani, ubavuni mwangu, shanga zikining'inia juu ya vichwa vyetu. Hapo nikalia, somo. Nililia mpaka jua likapanda na mikorosho ikakosa dawa. Nikalia na kile kilio chako, nilichokosa kukupa Chinongwe.

Pumzika, mama.

Ni mimi, mwali wako